Dodoso linasema mfumo unakubalika, daftari la mwaloni linasema jingine: nishike falsafa ipi?

Binti Ilemela

Shikamooni walimu wangu, na habari za kazi wenzangu wote. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Mwanza, katika fani ya mifumo ya taarifa, na nimekwama kwenye sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu za utafiti na falsafa yake, kwa namna ambayo kurudia kusoma vitabu hakujanisaidia. Naomba mniruhusu nieleze kwa urefu, kwa sababu nikifupisha nitapewa jibu la jumla ambalo tayari ninalo.

Utafiti wangu unahusu programu ya simu inayotumika kukusanya takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye mialo. Zamani karani wa mwalo alijaza fomu ya karatasi na kuipeleka kwa afisa uvuvi mwisho wa mwezi. Sasa amepewa simu, na anatakiwa aingize humo idadi ya mitumbwi iliyorudi, aina ya samaki, uzito na bei. Pendekezo langu nililijenga juu ya modeli ya ukubali wa teknolojia ya Fred Davis ya mwaka 1989, ile inayosema kwamba mtu huitumia teknolojia kadiri anavyoona ina manufaa kwake na kadiri anavyoona haimpi taabu. Niliandaa dodoso lenye kauli 24, kila moja ikijibiwa kwa ngazi tano kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", na nilikusudia kuwafikia wahojiwa 150.

Kabla ya kulisambaza nilikwenda kulijaribu kwenye mwalo mmoja. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikiwa ndiyo inaingia na taa bado zinawaka juu yake. Karani, mama wa makamo, hakutoa simu. Alitoa kauntabuku nene lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kalamu ikining'inia kwa uzi wa nyavu, akaandika jina la mtumbwi, jina la nahodha na idadi ya ndoo, kisha nahodha akaweka sahihi yake, na asiyejua kuandika akabonyeza dole gumba. Simu ilikuwa dukani inachajiwa. Saa mbili usiku nilimkuta nyumbani kwake, kauntabuku limefunguliwa mapajani, akihamisha kwenye simu mstari mmoja mmoja yale aliyoyaandika alfajiri.

Ndipo nikampa dodoso. Kwenye kauli "Programu hii ni rahisi kutumia" aliweka alama kwenye "sikubali kabisa". Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimemwona vidole vyake vikienda haraka kuliko vyangu. Nikamuuliza sababu, akasema: "Si rahisi, mwanangu. Bando la wiki linakwisha siku ya nne, na anayelinunua ni mimi." Alikuwa amelisoma neno "rahisi" kwa maana ya bei. Tulipofika kwenye kauli "Nina nia ya kuendelea kuitumia programu hii katika miezi ijayo", alinitazama kwa muda, akauliza, "Kwani ninaweza kukataa?" Kisha akaweka alama kwenye "nakubali kabisa".

Msimamizi wangu anasema nirekebishe tafsiri ya kauli hizo mbili na niendelee na wahojiwa wangu 150. Mwalimu mwingine aliniambia niachane na takwimu kabisa, niwe mfuasi wa mkabala wa kifasiri, ule unaotafuta maana ambayo watu wenyewe wanayapa mambo wanayoyafanya, na nifanye uchunguzi kifani, yaani uchunguzi wa kina, wa mwalo mmoja. Kila mmoja ananiambia nichague falsafa kana kwamba nachagua sare ya shule. Ninachotaka kujua ni hiki: je, nilichokiona kwa yule mama ni kasoro ya dodoso langu, au ni dalili kwamba swali langu lenyewe limekosewa? Na kama nitafuata mwalo mmoja tu, nitajibu nini jopo la watahini litakaponiuliza mchango wangu kwenye nadharia ni upi?

Mwalimu wa Takwimu

Marahaba, Binti Ilemela. Nimesimamia tasnifu nyingi zinazofanana na hii yako, kwa hiyo nitasema kwa upande wa dodoso, kwa kuwa naona limeanza kusingiziwa makosa yasiyo yake.

Tuanze na historia yake, kwa sababu wanafunzi wengi huichukua modeli ya Davis kama vile ilishuka kutoka mbinguni. Davis alifanya kazi kubwa ya kupima kauli zake kabla ya kudai lolote. Aliwatumia watu 112 katika maabara ya IBM mjini Toronto, na baadaye wanafunzi 40 wa shahada ya uzamili ya biashara mjini Boston, akapunguza kauli hadi zikabaki sita kwa kila dhana, zinazokwenda pamoja kwa uthabiti mkubwa sana. Lakini kilichothibitishwa pale ni kauli za Kiingereza katika vichwa vya watu wale. Anayezitafsiri anarithi modeli. Uthabiti wa vipimo haurithi, inambidi autafute upya. Jambo hili tunalipuuza mno katika vyuo vyetu. Mwanafunzi anaandika kwamba vipimo vyake "vimethibitishwa na tafiti zilizotangulia", na sisi wasimamizi tunatia sahihi.

Mfano wako wa neno "rahisi" nimeuandika kwenye daftari langu la kufundishia, na nitakueleza kwa nini. Njia tunayoifundisha ya kuhakiki tafsiri ni kumpa mtu wa pili airudishe kauli kwenye lugha ya kwanza, kisha tulinganishe. Sasa fikiria: "rahisi kutumia" ikirudishwa kwenye Kiingereza itarudi salama kabisa, na mhakiki atatia alama ya vema. Kosa halikuwa katika tafsiri. Lilikuwa katika maisha ya msomaji, ambaye kwake gharama ya bando iko karibu zaidi kuliko ugumu wa vitufe, na neno letu moja linabeba maana zote mbili. Hakuna hesabu ambayo ingekuonyesha hilo. Umelipata kwa kukaa naye na kumuuliza, na hiyo nayo ni hatua halali ya kuunda dodoso ambayo wengi huiruka. Jaribu kauli kama "Naweza kuingiza taarifa za siku nzima bila kumwomba mtu msaada", halafu gharama iwekee kauli zake yenyewe. Katika UTAUT, modeli nyingine ya ukubali wa teknolojia, ya Viswanath Venkatesh na wenzake ya mwaka 2003, iliyounganisha modeli nane za awali, gharama kama hiyo ingekaa vizuri zaidi chini ya mazingira wezeshi, yaani nyenzo na msaada unaomwezesha mtu kuutumia mfumo.

Kauli ya nia ni suala zito zaidi, na hapo sikubaliani na msimamizi wako, kwa heshima zote. Venkatesh na wenzake waliingiza hiari miongoni mwa mambo yanayobadilisha nguvu ya mahusiano katika modeli, pamoja na jinsia, umri na uzoefu, kwa kuwa walijua kwamba mtu aliyeamriwa hajibu kama aliyejichagulia. Kama wahojiwa wako wote 150 wameamriwa, watajibu "nakubali kabisa" kama yule mama, na kipimo kisichotofautiana hakiwezi kueleza kitu wala kuelezwa na kitu. Mwaka 2007 Izak Benbasat na Henri Barki waliandika kwa masikitiko kwamba modeli hii imetuzoesha kuridhika na maswali mepesi, tukasahau kuchunguza ni nini hasa kinachofanya mfumo uwe na manufaa.

Hata hivyo usitoke hapo ukakimbia namba. Seva ya programu yako bila shaka inatunza saa ambayo kila taarifa iliingizwa. Linganisha saa hiyo na saa ambayo mtumbwi ulifika kwa mujibu wa kauntabuku, na utapata kipimo cha matumizi ambacho hakitegemei adabu ya mhojiwa. Kumbuka pia kwamba mojawapo ya tafiti za kiidadi zilizo bora kabisa katika eneo letu iliwahusu wavuvi. Robert Jensen, mwaka 2007, alionyesha jinsi simu za mkononi zilipoingia kwenye pwani ya Kerala nchini India, kati ya mwaka 1997 na 2001, tofauti za bei ya dagaa wa baharini kutoka soko moja hadi jingine zilivyopungua, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa wanunuzi wakapata soko. Hakuwauliza wavuvi kama wanakubali kabisa. Alipima bei.

Karani wa Visiwani

Habari zenu ndugu. Mimi si msomi wa nadharia. Nimeandika takwimu za mwalo huku Ukerewe kwa miaka mingi, kwanza kwenye fomu na baadaye kwenye simu, na nimesoma swali la huyu binti nikaona ni vyema niseme lile ninalolijua, mtalipima wenyewe.

Mnazungumza kana kwamba kauntabuku ni fomu ya takwimu iliyochelewa kufa. Si hivyo. Kauntabuku ni shahidi. Wavuvi wengi hawana mtumbwi wao. Mtumbwi, injini na nyavu ni mali ya tajiri ambaye huenda hata haishi kisiwani, na mgawo wa fedha unahesabiwa kwa kile kilichoshushwa. Siku tajiri anapokuja kuuliza mtumbwi wake ulileta ndoo ngapi tarehe fulani, hawezi kuifungua simu yangu, na hata akiifungua haina sahihi ya nahodha. Nimewahi kuitwa mbele ya kamati ya BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo, mara mbili kwa ugomvi wa namna hiyo, na mara zote kilichotatua ugomvi ni ukurasa wenye dole gumba. Programu haina nafasi ya dole gumba.

Jambo la pili ni tarehe. Mtumbwi wa dagaa unatoka jioni ya leo na kurudi alfajiri ya kesho. Sisi huandika kwa usiku wa kazi: usiku mmoja, kazi moja. Simu inataka tarehe ya kalenda, nayo inaweka ile ya wakati unapobonyeza. Ukichelewa kuingiza ukapita saa sita usiku, samaki wa usiku mmoja wanagawanyika siku mbili. Tena kuna mbalamwezi. Mwezi ukijaa, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo watu wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu. Kwenye simu siku zile zinaonekana tupu, na nimewahi kuulizwa kwa barua kwa nini sikufanya kazi.

Na kuhusu wavuvi wa Kerala, Mwalimu, nakuheshimu, lakini huku kwetu mvuvi wa sangara anaweza kujua bei ya mialo yote kwa simu yake na bado akashusha palepale alipozoea. Wakala ndiye aliyemkopesha mafuta na nyavu. Akipeleka samaki kwingine, kesho hana mafuta.

Mtafiti wa Uzamivu

Nashukuru sana kwa maelezo ya Karani, kwa sababu yamefanya kazi ambayo sisi wenye nadharia tungeihangaikia kwa kurasa nyingi. Naandika kama mtu anayefuata mkabala wa kifasiri, na nitajitahidi nisiuuze.

Swali la Binti Ilemela lina mizizi mirefu. Mwaka 1991 Wanda Orlikowski na Jack Baroudi walichambua makala 155 za utafiti wa mifumo ya taarifa zilizochapishwa kati ya mwaka 1983 na 1988, wakakuta asilimia 96.8 zimesimama juu ya msimamo mmoja wa kifalsafa, ule unaochukulia kwamba jambo linalochunguzwa liko tayari pale nje, lina sura moja, na kazi ya mtafiti ni kulipima bila kuligusa. Hawakusema kwamba msimamo huo ni batili. Walisema kwamba fani inayotazama kwa jicho moja itashindwa kuona mambo ambayo jicho hilo halikuumbwa kuyaona. Ndipo watu kama Geoff Walsham walipofafanua namna ya kufanya uchunguzi kifani wa kifasiri, na mwaka 1999 Heinz Klein na Michael Myers wakatoa kanuni saba za kuufanya na kuutathmini.

Nitagusa kanuni mbili tu. Ya kwanza ndiyo mama wa zote: tunaelewa sehemu kwa kurejea kwenye jumla, na jumla kwa kurejea kwenye sehemu, tukizunguka hivyo hadi maana ikae. Neno "rahisi" ni sehemu, na huwezi kulielewa bila jumla yake, yaani mwalo ambako mfanyakazi anagharimia mwenyewe chombo cha mwajiri wake. Ukishalielewa neno hilo, jumla nayo inabadilika: hutauona tena mfumo huu kama programu iliyotolewa na ofisi, utauona kama programu inayoendeshwa kwa mfuko wa karani. Kanuni ya pili ni ile ya mazungumzo kati ya dhana ulizokwenda nazo na yale uliyoyakuta. Ulikwenda na dhana kwamba kuna mtu huru anayekubali au kukataa teknolojia. Yule mama aliijibu dhana hiyo kwa swali moja: "Kwani ninaweza kukataa?" Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba kilichokosewa ni swali. Uliuliza kama makarani wanaukubali mfumo, na hali halisi inakuomba uulize kwa nini kazi moja inafanywa mara mbili, alfajiri kwa kalamu na usiku kwa kidole, na nani ananufaika na kila nakala.

Kuhusu nadharia, soma makala ya Lynne Markus ya mwaka 1983. Alichunguza mfumo wa taarifa za fedha katika kampuni moja kubwa ya Marekani, ambao wahasibu wa matawi waliupinga kwa miaka. Alilinganisha maelezo matatu: kwamba tatizo liko kwa watu, kwamba tatizo liko kwenye mfumo, au kwamba tatizo liko pale mfumo unapokutana na mgawanyo wa madaraka katika taasisi. Aliona maelezo ya tatu ndiyo yanayosimama, kwa kuwa mfumo uliwapa wahasibu wa makao makuu uwezo wa kuchungulia hesabu ambazo awali zilikuwa mikononi mwa matawi. Na miongoni mwa wahasibu hao wa matawi alikuwapo aliyeendelea na madaftari yake ya zamani ya hesabu baada ya mfumo kuwekwa. Nilipofika kwenye kauntabuku lako lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, nilimkumbuka mhasibu yule papo hapo.

Ila usiinakili nadharia ya Markus kama ulivyoinakili ya Davis. Karani wa Visiwani hakusema kwamba anaupinga mfumo. Amesema analinda ushahidi kwa ajili ya nahodha na tajiri, watu ambao mfumo hauwajui. Hapo pana jambo ambalo Markus hakulikuta: daftari halishindani na mfumo, linaubeba. Bila kauntabuku la alfajiri, simu ya usiku isingekuwa na kitu cha kuingiza. Mchango wako unaweza kuwa hapo. Walsham alikwishaeleza mwaka 1995 kwamba uchunguzi kifani wa kifasiri unaweza kuzaa dhana mpya, nadharia, maelekezo mahususi au uelewa wa kina, na Allen Lee na Richard Baskerville mwaka 2003 wakaonyesha kwamba kujumlisha kutoka sampuli kwenda kwenye umma wote ni aina moja tu ya kujumlisha. Jopo likikuuliza ni mialo mingapi, waulize wao wanataka kujumlisha kitu gani.

Kijana wa Bwiru

Nimefurahia mchango uliotangulia, lakini kuna mahali unaniacha na wasiwasi. Tukisema kila kitu ni fasiri, tutamwambia nini afisa anayepanga muda wa kufunga uvuvi kwa kutumia takwimu hizi? Sangara waliokuwa ndani ya mtumbwi walikuwa na uzito wao kabla ya karani kuamka, na kama tarehe zinagawanyika kama alivyoeleza Karani wa Visiwani, basi kuna takwimu iliyo sahihi na iliyo na kosa, wala si fasiri mbili zenye haki sawa.

Ndiyo maana mimi nafuata uhalisia hakiki wa Roy Bhaskar, ulioanza kwenye falsafa ya sayansi mwaka 1975, na ambao John Mingers aliutetea kama msingi wa fani yetu mwaka 2004. Unakubali kwamba ujuzi wetu ni wa kibinadamu na una makosa, lakini unakataa kwamba ulimwengu unategemea ujuzi huo. Unatenganisha tunayoyaona, yanayotokea hata kama hatuyaoni, na nguvu zinazoyasababisha. Mtafiti anaanza na jambo alilolishuhudia, kisha anauliza: kungepaswa kuwe na nini ili jambo hili litokee? Kwa upande wako: kungepaswa kuwe na nini ili mtu mzima, mwenye simu mkononi, aandike mara mbili kila siku ya kazi? Deni kati ya mvuvi na wakala, mgawo unaodai ushahidi, bando linalolipwa na karani, programu isiyojua usiku wa kazi. Hizo ni nguvu. Kwa njia hiyo takwimu za seva anazozitaka Mwalimu na masimulizi anayoyataka Mtafiti vinakaa kwenye utafiti mmoja bila kugombana, mradi ueleze kila kimoja kinathibitisha nini.

Mtafiti wa Uzamivu

Naupokea wasiwasi huo. Sidai kwamba uzito wa sangara ni fasiri. Ninachodai ni kwamba "usiku wa kazi" na "tarehe" ni namna mbili za kuukata muda, na mtu aliyeandika programu alichukua moja bila kujua kwamba amechagua. Kabla hatujasema nani ana kosa, tujue nani aliamua kipimo.

Mwalimu wa Takwimu

Na mimi nampokea Karani kuhusu mkopo wa wakala. Jensen alipima mahali ambapo mvuvi aliweza kugeuza chombo na kwenda soko jingine. Palipo na deni la mafuta, sharti hilo halipo. Nilipaswa kulisema mwenyewe.

Binti Ilemela, neno moja kuhusu mchango kwenye nadharia. Shirley Gregor, mwaka 2006, aliainisha aina tano za nadharia katika fani yetu: inayochambua, inayoeleza, inayotabiri, inayoeleza na kutabiri kwa pamoja, na ya kubuni na kutenda. Jopo lako likisikia neno nadharia linafikiria ya nne tu, yenye mishale kati ya visanduku. Andika wazi kwamba unakusudia nadharia inayoeleza, na taja tangu mwanzo vigezo vya kuihukumu. Na yeyote atakayekushauri uongeze sura ya kutengeneza programu mpya, mwambie hiyo ni kazi nyingine yenye masharti yake, na miezi uliyobakiwa nayo haitoshi.

Binti Ilemela

Nawashukuru sana nyote. Jana nilikwenda kwa msimamizi wangu na kurasa hizi nimezichapa. Sikumwambia kwamba alikosea. Nilimwonyesha ukurasa mmoja wa kauntabuku niliopewa ruhusa kuupiga picha, pamoja na taarifa ya usiku uleule kama ilivyoingia kwenye simu. Kwenye daftari mtumbwi mmoja una ndoo 31 na sahihi. Kwenye simu mtumbwi huo una ndoo 19 tarehe moja na 12 tarehe inayofuata, kwa sababu mtandao ulikatika katikati ya kuingiza, naye mama akaendelea baada ya saa sita. Msimamizi aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni mialo mingapi naweza kuifuatilia kwa namna hiyo. Tumekubaliana mitatu.

Swali langu sasa linasomeka hivi: ni kwa jinsi gani na kwa sababu gani daftari la mwalo linaendelea kuubeba mfumo wa simu uliokusudiwa kuliondoa? Dodoso nimelipunguza hadi kauli nane, na kila kauli nitaisoma pamoja na mhojiwa na kumwomba anieleze kwa maneno yake alivyoielewa kabla hajaweka alama. Falsafa bado naichekecha. Naelemea kwa Kijana wa Bwiru, ila sentensi ya Mtafiti kuhusu nani aliamua kipimo nimeibandika juu ya meza yangu, na sioni namna ya kuandika sura ya nne bila kuijibu.

Karani wa Visiwani, nina ombi kwako, mzee wangu. Je, madaftari ya miaka iliyopita bado yapo, na kamati ingeruhusu niyasome palepale bila kuyaondoa kisiwani?

Karani wa Visiwani

Yapo, mwanangu, ndani ya sanduku la bati, ila mawili yaliloa mvua ya masika na kurasa zimegandana. Barua ya chuo iandikwe kwa mwenyekiti wa BMU wala si kwangu, na jina la tajiri yeyote utakaloliona humo usilitoe nje. Usije wakati wa mbalamwezi, utatukuta tunashona nyavu. Njoo wakati wa giza, upande kivuko cha Nansio cha mchana, ulale, alfajiri tuteremke pamoja. Uje na kauntabuku lako mwenyewe.